Aliyemezwa na Mdomo

Machi 3

Leo zimekuja mvua na wifi. Mvua angalau zilipiga hodi juu ya bati.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Ameachana na mumewe na amerudi kwa mama yake, yaani kwa mama mkwe wangu, yaani kwenye nyumba ninayopiga deki mimi. Amekuja na masanduku mawili na kimashine cha kuchongea meno ya bandia, maana huko alikokuwa ndiyo kazi aliyoifanya. Mama amempa chumba changu cha kushonea. Cherehani yangu imehamia sebuleni, nyuma ya mlango, na kila anayeingia anaigonga. Mume wangu aliutatua mgogoro huu kwa kusoma gazeti la juzi.

Jikoni nilimwambia mume wangu, "Mwanamke mwenye akili harudi na masanduku."

Nilisema kwa sauti ya chini, lakini wifi alikuwa mlangoni na kikombe mkononi. Akakiweka mezani taratibu, akaondoka. Tangu hapo hajanisemesha. Nami sikulala njaa kwa ajili hiyo.

Machi 4

Mvua. Hajanisemesha.

Machi 9

Nyumbani hayakutosha. Asubuhi mkurugenzi wa makumbusho alikuja karakanani kwetu akasema ametuletea fundi mwenye mkono mwepesi, aliyezoea meno. Akafungua mlango, na nani anaingia? Wifi, ndani ya koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi yangu.

Karakana ni chumba kirefu nyuma ya jengo la makumbusho. Kuna meza nzito, mifuko ya mchanga ya kulazia mawe, na vumbi jeupe linaloingia mpaka kwenye chai. Hapo ndipo tunapotoa mifupa iliyogeuka kuwa jiwe zamani za kale. Tunatumia kalamu ya hewa, sindano inayotetemeka kwa hewa ya kompresa, mashine yenye kelele, na tunaondoa mwamba punje kwa punje hadi mfupa ujitokeze. Mwamba wetu ni mweupe, mfupa ni wa kahawia. Ukizijua rangi hizo mbili umeijua nusu ya kazi.

Msimamizi wetu tunamwita Mzee. Kompresa ilishamla masikio, usipompazia sauti hasikii. Ana sheria moja tu isiyovunjwa: ukikutana na kitu ambacho hukukitegemea, hata kiwe kidogo kama punje ya mchele, gonga meza mara tatu kwa mpini wa kalamu yako. Kila mtu anazima mashine, tunakusanyika, tunatazama pamoja, ndipo kazi inaendelea. Mzee mwenyewe hausikii mlio huo kwa masikio. Huusikia kwa viganja, akiwa ameviweka mezani.

Kazi ya msimu huu ni samaki. Amekuja kwa vipande kutoka machimbo ya chokaa, tumemuunganisha, na sasa amelala juu ya meza tatu, mrefu kuliko gari dogo. Aliishi wakati machimbo yale yalipokuwa sakafu ya bahari, kabla hajapatikana binadamu wa kumwogopa. Alikuwa mla samaki wenziwe. Taya lake la chini limepinda kwenda juu kama la mtu aliyesusa, na meno yamechomoza nje, mengine marefu kama kidole changu. Mlinzi alimtazama akasema, "Huyu ni mdomo mtupu." Jina likabaki hapo: Mdomo.

Mzee alichora mistari miwili ya mkaa kwenye mwamba. Mbele ya mstari wa kwanza, kichwa na koo, kazi ya wifi. Nyuma ya mstari wa pili, tumbo na mkia, kazi yangu. Kati yake ameacha mkanda wa jiwe wenye upana wa mkono mzima, kutoka bega hadi vidole, usioguswa na yeyote, ili jiwe zima lisivunjike.

"Kichwa kina meno," akasema, "na huyu ni mtu wa meno."

Na mimi ni mtu wa nini, wa utumbo? Mwaka wa ngapi huu nimeinamia mawe hapa, kisha kichwa apewe aliyekuja jana! Kichwa ndicho watu hupiga nacho picha. Hakuna aliyewahi kusimama kando ya mkia akatabasamu.

Machi 10

Mama ametoa amri wakati wa chai. "Nyumba hii ina mwavuli mmoja, na kazi yenu ni moja. Mtatoka pamoja na mtarudi pamoja. Sitaki majirani wanisaidie kuhesabu ugomvi wangu."

Basi tumetembea mpaka kazini chini ya mwavuli mmoja, mabega yakigusana, bila neno. Aliushika yeye, kwa kuwa ni mkubwa. Bega langu la kushoto lililowa.

Machi 11

Bega la kushoto.

Machi 17

Fahali wawili hawakai zizi moja, nimesema, na mume wangu akajibu kwamba sisi si fahali. Nikamwuliza basi sisi ni nini. Akarudi kwenye gazeti.

Machi 24



Nilikuwa tumboni mwa Mdomo, kati ya mbavu, nikiondoa jiwe lililoonekana tupu. Ikatokea kahawia mahali pasipo na ubavu. Nikadhani ni ubavu uliovunjika. Nikafuata ukingo wake, ukageuka duara. Ndani ya duara hakuna kitu, kisha chini yake mstari wa vijino vidogo. Lilikuwa tundu la jicho. Ni kichwa cha samaki mwingine, kikubwa kama viganja vyangu viwili, kimeelekea nyuma, kwenye mkia wa Mdomo, kama kilivyopaswa kuelekea kichwa cha yeyote aliyemezwa kwa kutangulizwa kichwa.

Mdomo alikufa na mlo wake tumboni. Samaki ndani ya samaki! Makumbusho mengi yana samaki. Hiki tulicho nacho sisi wengi hawajawahi kukiona hata kwenye picha.

Mpini ulikuwa mkononi mwangu. Nilipaswa kugonga. Niliinua macho nikamwona wifi, ameinamia meno yake, na nikajua kitakachofuata: nitagonga, atakuja, atasimama nyuma yangu na koti lake lililopigwa pasi, mkurugenzi ataitwa, na kwa kuwa ana maneno mazuri ataeleza yeye. Kesho itasemwa "wamepata". Hapana. Kwenye kibao cha ukumbini huandikwa jina la aliyetoa kitu adimu, na hiki nimekitoa mimi. Siku ya mwisho, mbele ya wote, nitafunua mwenyewe.

Nikakifunika kwa karatasi laini iliyoloweshwa, juu yake plasta. Mzee alipouliza nikasema kuna ubavu dhaifu, nimeufunga bandeji. Akanipiga bega: "Vizuri. Subira."

Sikugonga. Ni mara ya kwanza tangu nianze kazi hii.

Machi 25

Mvua. Bega. Nilimtazama wifi kwa pembe ya jicho njia nzima na nikajisikia tajiri.

Aprili 2

Nimesogea nyuma ya kichwa cha samaki wangu mdogo, kwa siri, wakati wifi yuko chai. Shingo ipo, pingili chache za uti wa mgongo zipo, zinaelekea kwenye mkanda wa Mzee. Nimesimama mstarini. Mwili uliobaki nadhani uliyeyuka tumboni. Anayemezwa ndivyo anavyofanywa. Kichwa kinanitosha.

Aprili 6

Wifi amejaza koo la Mdomo nta ya rangi ya waridi, ile ya kutengenezea ufizi wa meno ya bandia. Samaki mkali mwenye ufizi wa bibi! Nilicheka ndani ya barakoa mpaka miwani ikaingia ukungu. Mzee akamwuliza ni ya nini. Akajibu kwamba anashikilia jino linalolegea.

Sauti yake sijaisikia karibu hivyo kwa muda mrefu. Anaongea taratibu, kama mtu anayepima.

Aprili 7

Mvua usiku kucha na asubuhi yote. Barabara ni mto. Mwavuli umevunjika ubavu mmoja, upande wangu, ingekuwaje tena.

Aprili 14

Nitaandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma: wifi anajua kazi. Leo aliliweka wazi jino refu kuliko yote, lile la mbele, mpaka kwenye shina lake, bila kuacha mkwaruzo hata mmoja. Nilipita kwenda kuchota maji nikalitazama zaidi ya nilivyotaka. Alijua ninatazama. Hakugeuka.

Nimechukia zaidi. Mtu unayemchukia akiwa hodari unakosa hata pa kushika.

Aprili 19

Jumapili. Nilikuwa nachambua mchele na Mama. Akaanza mwenyewe, bila kuulizwa.

"Unajua kwa nini mwenzio alirudi?"

"Sijauliza, Mama."

"Ndiyo, hukuuliza. Kule kwake yeye ndiye aliyechonga. Mumewe alikaa mbele na wateja. Kila jino lililotoka pale lilitoka kwa jina la mume. Miaka yote hiyo. Siku moja mteja akamshukuru mume mbele yake kwa meno mazuri, na mume akasema 'karibu tena'. Mwenzio akaingia ndani akafunga masanduku."

"Kwa hilo tu?"

Mama akapuliza makapi kwenye ungo. "Wewe ungengoja lipi?"

Nilimhurumia wifi mpaka mchele ulipokwisha. Kisha nikaingia sebuleni, nikajigonga paja kwenye cherehani, huruma ikaisha. Lakini neno la Mama limenikaa. Naye anataka jina lake mahali. Kwangu halitakuwapo.

Aprili 20

Chini ya mwavuli nilifungua mdomo nikataka kusema kitu. Yeye akahamisha mwavuli mkono wa pili. Nikafunga mdomo.

Aprili 28

Mvua. Plasta haikauki. Watu hawakauki.

Mei 5

Imepangwa tarehe ya ufunguzi wa ukumbi. Mdomo atasimamishwa ukutani, kwenye fremu ya chuma. Fundi chuma amekuja kupima: mtu mnene, mchangamfu, mgeni karakanani, anayeimba huku akipiga hesabu. Anataka kupitisha nondo tatu ndani ya jiwe, kutoka juu hadi chini, zishike fremu. Mzee akamwonyesha mkanda. Ndipo jiwe lilipo nene, na ndipo pasipo na mfupa wa thamani, zaidi ya mbavu za mbele ambazo nondo zitapita nyuma yake.

Mzee akatugeukia. Aliuliza kwa sauti kubwa, kama wanavyouliza wasiosikia. "Mkanda ni mtupu? Kwako?"

"Mtupu," nikasema.

"Na kwako?"

Wifi akangoja kidogo. "Mtupu," akasema.

Nilizikumbuka zile pingili zinazoelekea mstarini. Zilikuwa chache, na nilishaamua kwamba zinaishia hapo. Ningesema lolote, angeniuliza nimejuaje.

Mei 11

Imetokea. Nimeomba ruhusa nikakaa chooni mpaka miguu ikafa ganzi, sasa niko nyumbani na wote wananitembelea kwa macho. Nitaandika yote.

Fundi chuma alianza baada ya chai. Amevaa vizibo vya masikio, anaimba. Drili yake ni ndefu kama mkono, na hatukuwa tumewahi kutumia ya namna hiyo juu ya mfupa hata siku moja. Mzee alikuwa mwisho wa meza, viganja juu ya ubao, akihesabu mtetemo. Mimi nilikuwa upande wangu, wifi upande wake, mkanda katikati yetu.

Tundu la kwanza lilitoa vumbi jeupe. Jeupe, jeupe, kisha kahawia.

Nilifikiri ni ubavu. Nilijilazimisha kufikiri ni ubavu. Nikainua macho na wifi alikuwa ananitazama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya masanduku alinitazama usoni moja kwa moja. Mkononi alishika mpini wa kalamu yake, mimi wangu. Ninajua alichosubiri, kwa kuwa nilisubiri hicho hicho: mwenzangu agonge. Anayegonga ataulizwa, "Umejuaje?"

Hakugonga. Sikugonga. Fundi chuma akafuta jasho, akasogea tundu la pili.

Jeupe. Kahawia. Kisha drili ikatema kitu kidogo kikabingirika mezani na kusimama mbele yangu. Ni nusu ya pingili, duara, ina tundu katikati kama kifungo cha shati. Sio ya Mdomo. Za Mdomo zinajaza ngumi.

Nikagonga. Yeye akagonga wakati ule ule. Tuligonga mpaka makopo ya gundi yakaruka. Mzee akatoa mikono mezani kana kwamba imeungua, akapaza sauti, "Zima!" Lakini fundi chuma ni mgeni, hajui maana ya kugonga meza, na masikio yake yalikuwa yamezibwa. Alidhani tunaupigia makofi wimbo wake. Akatabasamu, akaingiza drili tundu la tatu.

"Wifi, mzuie!" wifi akapiga kelele. "Wifi!"

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na waya. Niliung'oa ukutani. Drili ilikuwa imeshazama hadi shingoni.

Ikabaki mvua tu juu ya paa. Kwenye mkanda kulikuwa na vilima vitatu vya vumbi la kahawia.

Mzee akavitazama vilima vile. Alichukua patasi akaja upande wangu, akaibandua plasta yangu. Kichwa kikatokea, jicho, vijino. Akaenda upande wa wifi, akaivuta nta ya waridi kutoka kooni. Nikaona. Ndani ya koo la Mdomo, kati ya meno, kulikuwa na mkia. Pezi zima la mkia, limepanuka, kila mwiba mahali pake, limesafishwa vizuri kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka karakana hii.

Samaki mmoja. Mrefu kuliko meza. Kichwa tumboni kwangu, mkia kooni kwake. Hakuyeyuka hata kidogo. Mdomo alimmeza aliyemzidi kipimo, hakuweza kumshusha wala kumtema, akafa naye. Walilala hivyo tangu bahari mpaka machimbo, wazima wote wawili, hadi leo asubuhi.

Mzee akaweka kidole kwenye jicho la yule mdogo, akakisogeza kwenye mkanda, akakipitisha juu ya matundu, mpaka kwenye mkia.

"Tulikuwa na samaki mzima," akasema. "Mficha uchi hazai. Fagieni."

Akachukua kofia yake akatoka kwenye mvua bila kuivaa.

Mei 12

Hatukuondoka na mwavuli. Kila mmoja alitoka kwa wakati wake. Wote tumelowa.

Fundi chuma ameomba radhi kwa kila mtu, hata kwa mlinzi. Ndiye pekee asiye na kosa.

Mei 13

Tumegombana, hatimaye. Tulikuwa tumepiga magoti kila mmoja upande wake wa mkanda, tukichekecha vumbi kutafuta vipande, na yeye akaanza bila kuinua kichwa.

"Uliiona pingili ikielekea mstarini. Ungeisema."

"Nawe uliuona mkia. Mkia hauogelei peke yake."

"Nilidhani ameukata kwa meno. Kwamba mwili uliobaki ulienda zake."

"Ameukata!" Niliangusha chekecheke. "Wewe si ndiwe mtu wa meno? Meno yale ni ya kukata? Ni ya kushika yale, mtoto anaona! Yana ncha, hayana makali. Aliyeshikwa pale haachiwi."

Masikio yake yalibadilika rangi. Kisha akasema, taratibu, "Na wewe mtu wa tumbo. Kichwa hakijaguswa na tindikali hata chembe, vijino vyote vipo, magamba yapo. Ukasema mwili umeyeyuka. Tumbo gani linaloanza kula kwenye mkia?"

Hilo ndilo ninalolijua kuliko mtu yeyote hapa. Nililijua, nikalinyamazisha.

"Kwa nini hukugonga?" nikamwuliza.

"Kwa nini hukugonga wewe?"

"Nilitaka liwe langu."

"Basi umejibu maswali mawili," akasema.

Tukachekecha. Baadaye akasema, "Ulisema mwanamke mwenye akili harudi na masanduku."

"Nilisema."

"Masanduku yale yalikuwa na nguo moja tu nzuri. Mengine yote ni vifaa. Nilikuja na kazi yangu, wifi, na ukanipokea kwa hilo."

"Nawe ukachukua chumba changu."

"Nilipewa. Ungekiomba ningekurudishia siku ile ile."

Ningependa kuandika kwamba tulilia tukashikana mikono. Nilikuwa na hasira mpaka meno yaliuma. Nilimchukia kwa kuwa alisema kweli, na nilijichukia kwa kuwa nilihitaji aniambie yeye. Tulipata vipande tisa vinavyotambulika. Vingine, hata vilivyokuwa kati ya matundu, mtetemo wa drili umevifanya unga.

Mei 20

Mvua inapungua. Vipande haviungani.

Mei 29

Ufunguzi wa ukumbi.

Mdomo yuko ukutani. Anatisha, siwezi kukana. Taya limeinuka, meno nje, na ukimkaribia unauona mkia kooni, ukisogea nyuma unakiona kichwa tumboni. Katikati kuna jiwe jeupe, lililozibwa na kulainishwa, na nondo ndani yake. Kibao kilikuwa na jina la mkurugenzi tu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Mkurugenzi aliwaeleza wageni. Anaeleza vizuri, huinuka kwa vidole vya miguu. Mama mmoja mwenye miwani akauliza, "Na huyu mdogo, kiwiliwili chake kiko wapi?"

"Ah," mkurugenzi akasema, "hicho bahari ilikichukua. Muda ni mwingi, mama."

Wageni wakaitikia kwa vichwa. Nami, nikiwa nimesimama kando ya meza ya vinywaji, niliona jinsi ilivyo rahisi. Bahari haiwezi kubisha. Kesho itaandikwa, keshokutwa watoto wa shule watasomewa, na mimi nitaendelea kula mshahara wangu. Nilishusha pumzi. Naandika kama ilivyokuwa: nilifurahi.

Ndipo wifi alipogonga meza. Mara tatu, kwa kijiko.

Mzee alikuwa ameegemea meza hiyo hiyo, kiganja juu ya ubao, na mtetemo ule ulimfikia. Aliganda papo hapo, glasi njiani kuelekea mdomoni. Mimi mkono wangu ulitafuta swichi ya kuzima, hewani, kiunoni, mahali ambapo hapakuwa na mashine. Wageni walidhani ni hotuba, wakageuka.

"Si bahari," wifi akasema. "Samaki alifika karakanani mzima. Tulimtoboa sisi. Mimi nilikuwa na mkia, nikauficha. Huyu wifi yangu alikuwa na kichwa, akakificha. Kila mmoja alitaka apate peke yake. Ndiyo maana hakuna katikati."

Akaninyooshea kijiko. Ukumbi mzima ukanitazama.

Ningemmeza mzima mzima. Aibu ilipanda kutoka miguuni. Nani alimpa ruhusa ya kunitaja? Angejitaja mwenyewe, ningekuwa shahidi mwema! Mama mwenye miwani akaniuliza kwa upole, "Ni kweli, mama?"

"Ni kweli," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

Mkurugenzi alisema baadaye, pembeni, kwamba tumemwaibisha. Mzee hakusikia, au alijifanya, akamwambia abadilishe kibao. "Andika walimtoa wawili. Andika katikati ilitobolewa wakati wa kazi. Majina yote mawili."

Nilitaka jina langu kwenye kibao. Nimelipata.

Mei 30

Mama amenunua mwavuli wa pili. Jua limewaka kutwa.

Juni 8

Cherehani imerudi kwenye chumba cha kushonea. Niliikuta pale nilipotoka kazini, imefutwa vumbi, na kitanda cha wifi kimesogezwa ukutani kuipa nafasi. Mume wangu alishusha gazeti akatutazama kwa zamu, akalipandisha.

Simpendi. Anakunywa chai kwa sauti, na anapiga koti pasi kama anakwenda kuolewa na serikali. Lakini simngoji tena akosee.

Juni 15

Jiwe jipya limeletwa kutoka machimbo yale yale. Bado hatujui lina nini. Mzee amechora mstari mmoja tu safari hii, katikati, bila mkanda.

Baada ya chai, nikiwa nimezama kwenye kona yangu, meza ikatetemeka chini ya viganja vyangu. Mara tatu. Nikazima kalamu. Mzee akazima kompresa. Nikauzunguka mwamba mpaka upande wake, nikainama karibu na bega lake. Kwenye jiwe jeupe kulikuwa na doa la kahawia, dogo kuliko punje ya mchele.

"Nini hiki?" nikamwuliza.

"Sijui," wifi akasema. "Ndiyo maana nimegonga."